Dalili za mwanzo za maltipo sklerosisi na njia ya kupata utambuzi: mwongozo kwa wakazi wa Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya

Maltipo sklerosisi, ugonjwa unaofupishwa MS, huja vipande vipande, na kila kipande hupelekwa kliniki yake. Jicho likififia, mgonjwa huenda kwa daktari wa macho akapewa matone. Miezi minane baadaye miguu inakufa ganzi. Anapimwa malaria na Widal, kipimo cha taifodi, kisha anatibiwa taifodi. Mwaka unaofuata mkojo unambana ghafla, anapewa dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo. Kila mara hali inatulia yenyewe baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo kila dawa inaonekana kama iliponya. Vipande vyote havijawahi kukutana kwenye meza moja.

Kazi ya mgonjwa na jamaa zake ni kuvikutanisha. Hapa tunaeleza dalili za kutazama, magonjwa mengine ya kuondoa kwanza katika maeneo yetu, vipimo gani viombwe na kwa mpangilio upi, na mahali ambapo safari hii huharibika.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi

Katika MS, mfumo wa kinga wa mwili hushambulia mayelini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva ndani ya ubongo, kwenye neva za macho na kwenye ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti. Panapovimba, ujumbe wa neva hupungua kasi au hukatika. Uvimbe ukitulia, sehemu kubwa ya kazi hurudi, lakini kovu hubaki na baadhi ya nyuzi hufa kabisa. Ndiyo sababu kuchelewa kuna gharama: kila shambulio linaweza kuacha hasara ndogo, na hasara hizo hujumlishwa.

Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, na wanawake hupatwa zaidi ya wanaume, takribani mara mbili hadi tatu. Watoto na watu waliopita miaka 50 pia huupata. Zaidi ya watu milioni 2.8 duniani wanaishi nao. Nchi za karibu na ikweta zina wagonjwa wachache kuliko Ulaya ya kaskazini, na ikweta yenyewe inapita hapa Maseno. Kwa hiyo daktari mzuri kabisa wa kaunti anaweza kukaa miaka bila kukutana na mgonjwa hata mmoja. Usimlaumu kwa kutoufikiria haraka. Msaidie kuufikiria.

Dalili, na jinsi ya kuziangalia kwa makini

Tuanze na jicho, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa huu hujionyesha wazi zaidi na ndipo hukosewa zaidi. Jicho moja linaanza kuuma ndani, hasa ukilizungusha kutazama pembeni. Ndani ya siku chache ukungu unatanda katikati ya unachokitazama. Rangi hufifia, na nyekundu hutangulia. Unaweza kupima nyumbani: chukua kizibo chekundu cha chupa ya soda, kishike umbali wa mkono kwenye mwanga wa mchana, funika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, kisha badilisha. Kama jicho moja linaona nyekundu iliyokolea na lingine linaona nyekundu iliyochujuka, andika tarehe na upande. Pima tena kesho yake.

Hapa kuna mtego. Kwa karibu wawili kati ya watatu wenye uvimbe huu, daktari akichungulia ndani ya jicho haoni kitu, kwa sababu uvimbe uko nyuma ya jicho, kwenye neva yenyewe. Mgonjwa anaambiwa jicho ni zima, aende akapimwe miwani. Vipimo viwili vya bei ndogo humwonyesha daktari kwamba neva ina shida: kitabu cha namba zilizochorwa kwa vitone vya rangi, na tochi inayohamishwa haraka kutoka jicho hili hadi lile huku akitazama mboni zinavyosinyaa. Mboni ya upande wenye ugonjwa, tochi ikirudishwa kwake, hupanuka badala ya kusinyaa. Ukiwa kwenye kliniki ya macho, iwe ya hospitali ya kaunti au ya Sabatia kule Vihiga, omba vipimo hivi viwili kwa adabu na uombe matokeo yaandikwe kwenye kadi.

Dalili ya pili kwa wingi ni ganzi. Ganzi ya MS ina tabia yake: inapanda. Leo nyayo, kesho kutwa magoti, mwisho wa wiki imefika kiunoni au kifuani na kukomea kwenye mstari. Kuupata mstari huo, chukua kijiko cha chuma kilichokaa kwenye maji baridi, kipitishe taratibu kutoka mguuni kwenda juu kwa ubavu. Kama kuna mahali ubaridi unabadilika ghafla, weka alama kwa kalamu kwenye ngozi na umwonyeshe daktari. Mstari wa namna hiyo humwambia kwamba tatizo liko kwenye ugwe wa mgongo, si kwenye neva za miguu. Wengine huhisi kifua au tumbo limekazwa kwa mshipi ilhali hakuna mshipi. Hiyo nayo hutoka kwenye ugwe.

Kisha kuna shoti. Ukiinamisha kidevu hadi kifuani, umeme unashuka mgongoni hadi miguuni, sekunde moja au mbili, kisha unapotea. Ni dalili nzito lakini si ya MS peke yake: upungufu wa vitamini B12 na mfupa wa shingo unaobana ugwe huileta pia.

Nyingine zitaje kwa daktari hata kama zinaonekana ndogo: kuona vitu viwili viwili, kuyumba gizani au ukioga huku umefumba macho, mguu unaoburuta baada ya kutembea kilomita moja ingawa ulianza vizuri, mkono uliopoteza ustadi hata kufunga vifungo ni kazi, mkojo unaokuja kwa haraka isiyosubiri, choo kigumu, shida za unyumba, maumivu makali ya upande mmoja wa uso kwa kijana. Uchovu wa MS unastahili kutajwa peke yake. Mtu amelala usiku kucha, ameamka, na kufikia saa nne asubuhi hana nguvu ya kuinua ndoo. Damu haijapungua, malaria haipo. Jamaa humwita mvivu, na hilo humuumiza kuliko ganzi.

Joto nalo lina habari. Dalili za zamani hurudi kwa muda mwili ukipata joto: homa, maji ya moto ya kuoga, au kutembea soko la Kibuye, Kisumu, saa saba mchana mwezi wa Februari. Mwili ukipoa, zinaondoka. Huku kwetu homa ya malaria inaweza kufanya mtu aonekane ameshambuliwa upya. Ndiyo sababu kipimo sahihi cha malaria hufanywa kabla ya kutangaza shambulio.

Muda ndio unaotofautisha

Shambulio la MS huongezeka kwa saa hadi siku, hufika kilele ndani ya wiki moja au mbili, kisha hupungua kwa wiki au miezi. Madaktari huhesabu kuwa ni shambulio likidumu angalau saa 24 bila homa wala maambukizi, na mashambulizi mawili huhesabiwa mbalimbali yakitenganishwa na angalau siku 30. Ganzi ya mkono ya dakika tano ukiamka usingizini si MS. Udhaifu ulioanza kwa sekunde chache, uso ukapinda na maneno yakakatika, ni kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Udhaifu unaoongezeka polepole kwa miezi bila kupumzika unahitaji kutafutiwa uvimbe unaobana ugwe, kifua kikuu cha uti, au upungufu wa B12, ingawa ipo pia aina ya MS inayoanza hivyo kwa wachache, hasa waliopita miaka 40.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kliniki, kama miguu yote miwili imelegea, mkojo umekataa kabisa kutoka, macho yote mawili yamefifia, kupumua au kumeza kumekuwa kazi, au kuna homa na shingo imekakamaa.

Magonjwa yanayofanana na MS huku kwetu

Sehemu hii ndiyo miongozo ya Ulaya na Marekani hupita haraka, na kwetu ndiyo kubwa. Mengi ya magonjwa haya yana tiba kamili yakikamatwa mapema, kwa hiyo kuyaondoa kwanza si kupoteza muda.

Kichocho cha ugwe wa mgongo. Mtu anayeingia maji ya Ziwa Victoria, mvuvi wa Dunga au Mbita, anayefua ufuoni, kijana anayeosha magari kando ya ziwa Kisumu, anaweza kupata mayai ya kichocho kwenye sehemu ya chini ya ugwe. Miguu hulegea na mkojo hukwama ndani ya siku au wiki chache. Mwambie daktari waziwazi kama unaingia ziwani. Usipotaja, huenda asiulize.

Kifua kikuu cha uti huleta maumivu ya mgongo yasiyolala, kupungua uzito, jasho la usiku, na wakati mwingine nundu. Na kuna upande wa pili wa kifua kikuu ambao husahaulika: dawa zake. Ithambutoli inaweza kudhuru neva za macho yote mawili na kuharibu rangi nyekundu na kijani. Isoniazidi huleta ganzi ya miguu kama vitamini B6 haikutolewa pamoja nayo. Unatumia dawa hizo na macho yanafifia? Rudi kliniki ya kifua kikuu leo, kabla ya kufikiria MS.

VVU na kaswende vyote hushambulia ugwe na neva za macho; vipimo vyake ni rahisi na vipo hata kwenye vituo vidogo. Upungufu wa B12 huwapata wasiokula nyama, mayai wala maziwa, wenye shida ya tumbo, na watu wa kisukari waliotumia metformini kwa miaka. Pombe haramu iliyotiwa methanoli hupofusha macho yote mawili ghafla. Minyoo ya tegu kwenye ubongo, katika maeneo ya ufugaji wa nguruwe, huleta kifafa zaidi kuliko ganzi, ila kwenye picha ya ubongo huonyesha mabaka, yaani alama za sehemu zilizodhurika.

Na kuna ndugu wa karibu wa MS anayestahili kuogopwa: neuromayelitisi optika, kwa kifupi NMO. Huwapata zaidi watu wa asili ya Afrika na Asia kuliko Wazungu. Hupofusha vibaya, wakati mwingine macho yote, na hushambulia ugwe kwa urefu, pingili tatu au zaidi kwenye picha, ambapo baka la MS huwa fupi. Dalili yake ya ajabu ni kwikwi au kutapika kusikokoma kwa siku nyingi, tumbo likiwa zima. Kutofautisha si suala la jina tu. Baadhi ya dawa za MS, zikiwemo interferoni beta na fingolimodi, zinaweza kuizidisha NMO. Mgonjwa wa kwetu asianzishiwe dawa za kudumu za MS kabla ya kupimwa kingamwili ya NMO.

Wanawake waliojifungua karibuni nao waangaliwe. Mashambulizi ya MS hupungua mwishoni mwa ujauzito na huongezeka miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua. Mama akifa ganzi miguuni wiki ya sita baada ya kujifungua kwa upasuaji, nyumba nzima hulaumu sindano ya ganzi ya mgongoni, na habari inaishia hapo.

Hatua ya 1: daftari

Kabla ya kutumia shilingi kwa kipimo chochote, nunua daftari la mazoezi na urudi nyuma kwa kumbukumbu hadi miaka mitano. Uliza jamaa, wao hukumbuka wakati ulipoanza kushika ukuta. Kila tukio liwe na tarehe ya kuanza, sehemu na upande, siku ilipokuwa mbaya zaidi, lini ilianza kupungua, kilichobaki, kama kulikuwa na homa, na dawa uliyopewa. Mfano:

12 Machi. Jicho la kulia, ukungu katikati, linauma nikilizungusha. Siku ya 4 sikuweza kusoma ujumbe kwenye simu. Nafuu wiki ya 3. Nyekundu bado imechujuka. Hakuna homa. Nilipewa matone.

3 Novemba. Ganzi nyayo zote mbili, siku ya 5 ikafika kitovuni. Nikiinama shingo, shoti mgongoni. Iliisha baada ya wiki 6. Malaria: hakuna.

Kurasa mbili za namna hii zina thamani kuliko bahasha iliyojaa risiti. Utambuzi wa MS hujengwa juu ya historia kwanza. Picha huja kuiunga mkono. Piga picha ya kila ukurasa kwa simu, na ukiburuta mguu mwombe mtu akurekodi ukitembea mita kumi kwenda na kurudi, ukiwa peku na suruali imekunjwa.

Hatua ya 2: mlango wa kwanza na barua ya rufaa

Anza na kituo kilicho karibu, na umwone klinikal ofisa au daktari. Sema mapema: “Nimekuwa na matukio mawili tofauti ya neva, tarehe hizi na hizi,” kisha mpe daftari. Usianze na “mwili unauma na nimechoka,” maana njia hiyo huishia kwenye Widal. Uchunguzi kamili wa neva hauhitaji mashine: nyundo ya magoti, ufunguo wa kukwaruza unyayo, kutembea kisigino kikigusa kidole, kusimama macho yamefumbwa. Kama hakuna hata kimoja kilichofanywa, uliza kwa upole kama kinaweza kufanywa.

Unachotafuta hapa ni barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani au wa neva. Madaktari wa neva ni wachache na wengi wako Nairobi, ila bingwa wa magonjwa ya ndani anaweza kuanzisha kila kitu kilichoelezwa hapa. Kwa ukanda huu milango mikubwa ya umma ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wakazi wa Kisumu huiita Russia. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret. Hospitali ya rufaa ya kaunti ya Nakuru, ambayo bado huitwa PGH. Na ile ya Kakamega. Uliza siku ya kliniki ya neva au ya magonjwa ya ndani kabla ya kupanda matatu, kwa kuwa kliniki hizi huwa na siku zake maalumu.

Hakikisha usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uko hai na umelipiwa. Unaweza kuangalia kwa kupiga *147#. Uliza dirishani kama kipimo kinahitaji idhini kabla, na iombwe kabla ya siku ya kipimo. Idhini ikiombwa baada ya kipimo, mara nyingi mgonjwa hulipa mwenyewe.

Kuna shinikizo la nyumbani pia. Kwa Waluo wapo watakaosema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, na kwingine watasema mtu amerogwa. Maombi na mashauri ya ukoo yaendelee kwa wanaoyaamini, lakini yasichukue nafasi ya tarehe ya kliniki. Kama umekunywa dawa za mitishamba, mwambie daktari majina yake bila aibu; zinaweza kugusa ini na figo.

Hatua ya 3: damu, kabla ya steroidi

Orodha inayofaa: hesabu kamili ya damu, ESR (kipimo cha uvimbe mwilini), sukari ya kufunga, vitamini B12, homoni ya tezi ya shingo, VVU, kaswende, kipimo cha lupasi, figo na ini. Kwa anayeingia ziwani ongeza choo, mkojo na damu ya kutafuta kichocho. Kisha kingamwili mbili: ya aquaporini-4, inayoandikwa AQP4, kwa ajili ya NMO, na ya MOG, kwa ajili ya ugonjwa mwingine wa karibu. Maabara nyingi za kaunti hazifanyi hizi mbili za mwisho; damu hutumwa maabara kubwa, kwa hiyo uliza itachukua siku ngapi na nani atakupigia. Uliza pia kama AQP4 inapimwa kwa njia ya seli, ambayo ni ya kuaminika zaidi.

Damu hii itolewe kabla ya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) za dozi kubwa kila inapowezekana, maana zinaweza kushusha kingamwili na jibu likasoma hakuna. Lakini mgonjwa anayepofuka hangojeshwi dawa kwa ajili ya maabara: damu hutolewa asubuhi, dripu huanza mchana, majibu hufuata.

Hatua ya 4: MRI sahihi

MRI ni picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Pesa nyingi hupotea hapa. Makosa matatu hujirudia.

La kwanza ni CT, picha ya eksirei inayounganishwa na kompyuta. Mgonjwa hupelekwa CT kwa sababu ipo karibu na ni nafuu. CT huonyesha damu iliyovuja na uvimbe mkubwa. Mabaka mengi ya MS haiyaoni. CT safi haimaanishi kwamba MS haipo.

La pili ni kupiga sehemu isiyo yenyewe. Miguu imelegea, basi daktari anaandika MRI ya kiuno. Ugwe wa mgongo huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno; chini ya hapo ni mizizi ya neva tu. Ganzi inayofika kitovuni hutoka kifuani au juu zaidi. Mgonjwa analipia picha, anaambiwa diski imebonyea kidogo, na anapelekwa fiziotherapi kwa mwaka mzima.

La tatu ni kukosa dawa ya gadolinia, inayochomwa mshipani katikati ya kipimo. Baka jipya, la wiki chache, hung'aa kwa dawa hiyo. La zamani haling'ai. Picha moja ikionyesha yote mawili, tayari imethibitisha kwamba ugonjwa umepiga nyakati tofauti.

Kwa hiyo soma fomu kabla ya kuondoka chumba cha daktari. Inapaswa kusema: MRI ya ubongo na ya ugwe wa mgongo, shingo na kifua, bila gadolinia na kwa gadolinia, swali likiwa ugonjwa unaoharibu mayelini, MS au NMO, na kama jicho limehusika, neva za macho zipigwe pia. Maneno “maumivu ya mgongo” pekee hayatoshi, kwa kuwa mtaalamu wa picha hupanga mashine kulingana na swali.

Mashine zinapatikana Nakuru, Kisumu na Eldoret. Piga simu vituo viwili au vitatu. Uliza kama mashine inafanya kazi wiki hiyo, nguvu yake ni Tesla ngapi (1.5 au 3 zinafaa), bei ya kila sehemu, kwa kuwa ubongo, shingo na kifua huhesabiwa kama vipimo vitatu, na kama gadolinia imo kwenye bei. Kama fedha hazitoshi kwa vyote, zungumza na daktari kuhusu ubongo na shingo kwanza. Kama ganzi inaishia kifuani au tumboni, ugwe wa kifua usiachwe.

Siku yenyewe, peleka majibu ya figo. Taja ujauzito; gadolinia huepukwa. Taja betri ya moyo, klipu za upasuaji, risasi au kipande cha chuma jichoni, hasa mafundi wa kuchomelea. Utalala bila kujitingisha kwa karibu saa moja kwenye kelele kubwa. Ukiogopa sehemu finyu, sema siku ya kuweka nafasi, si mezani. Ukitoka, chukua vitu vitatu: ripoti, filamu na CD. Daktari wa neva wa Nairobi atataka CD, na filamu iliyokunjwa kwenye buti la matatu haimsaidii.

Hatua ya 5: maji ya mgongo

Watu wengi huogopa kipimo hiki, wakidhani kinalemaza. Sindano huingia kiunoni, chini ya mahali ugwe unapoishia, kwa hiyo haigusi ugwe. Kiasi kidogo cha maji hutolewa ukiwa umelala ubavu au umekaa umeinama. Tatizo la kawaida ni kichwa kinachouma ukiinuka, kwa siku chache. Kikizidi, kina matibabu.

Maabara hutafuta mambo mawili. Kwanza, maambukizi: seli nyeupe zaidi ya 50 au protini ya juu sana humfanya daktari aelekee kifua kikuu, kaswende au kitu kingine badala ya MS. Pili, bendi za oligokloni, alama kwamba kingamwili zinatengenezwa ndani ya mfumo wa neva. Kipimo cha bendi hakina maana bila damu iliyotolewa siku hiyo hiyo, maana vyote viwili hulinganishwa. Hakikisha chupa ya damu imetoka pamoja na chupa za maji. Bendi zisipoonekana, MS haijafutwa. Zikionekana, bado hazitoshi peke yake.

Hatua ya 6: jinsi daktari anavyofikia jina

Vigezo vinavyotumika duniani vinaitwa vya McDonald, toleo la 2017 likiwa linalojulikana zaidi. Toleo hilo linadai mambo mawili na sharti moja. Ugonjwa uwe umepiga mahali tofauti: angalau baka moja katika angalau maeneo mawili kati ya manne, yaani kandokando ya vyumba vya maji vya ubongo, kwenye gamba la ubongo au karibu nalo, sehemu ya nyuma na shina la ubongo, na ugwe wa mgongo. Marekebisho yaliyochapishwa 2025 yameongeza neva ya jicho kuwa eneo la tano. Uwe umepiga nyakati tofauti: shambulio la pili, baka jipya kwenye picha ya baadaye, mabaka yanayong'aa na yasiyong'aa kwenye picha moja, au bendi za oligokloni. Na sharti: hakuna maelezo mengine bora. Sharti hilo ndilo linalofanya Hatua ya 3 isirukwe.

Jihadhari na jina linalokuja kwa urahisi pia. Mtu wa miaka 55 mwenye presha na kisukari anaweza kuwa na vitone vyeupe kwenye MRI kutokana na mishipa midogo ya damu; mwenye kipandauso vilevile. Ripoti inayotaja mabaka meupe bila historia ya mashambulizi si utambuzi wa MS. Uliza: “Daktari, ni maeneo gani mawili, na uthibitisho wa muda ni upi?” Daktari anayeujua ugonjwa atajibu kwa sentensi mbili.

Dawa: ya sasa na ya baadaye

Shambulio linalozuia kuona au kutembea hutibiwa kwa methilprednisoloni gramu 1 kwa siku kwa dripu, siku 3 hadi 5, baada ya kuhakikisha hakuna kifua kikuu, malaria wala maambukizi ya mkojo. Huharakisha kupona, haizuii mashambulizi yajayo. Usinunue prednisoloni wala sindano ya deksamethasoni kemisti. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1992 kuhusu uvimbe wa neva ya jicho uligundua kwamba vidonge vya prednisoloni kwa dozi ya kawaida vilifuatwa na kurudi kwa uvimbe mara nyingi zaidi. Isitoshe, steroidi za kujipa hufunika dalili na kuharibu vipimo.

Dawa za kudumu ndizo hupunguza mashambulizi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliongeza tatu kwenye orodha ya dawa muhimu: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Ya mwisho inajulikana sana nchini kwa sababu hutumika kutibu saratani fulani, na inasaidia NMO pia. Kabla ya kuianza upimwe hepatitisi B na kifua kikuu, na chanjo zipangwe mapema.

Ukiambiwa “inaweza kuwa”

Wengi hutoka na jibu la katikati: shambulio moja, mabaka machache, vigezo havijatimia. Hilo ni jibu halali. Panga MRI nyingine ya ubongo baada ya miezi 6 hadi 12, kwenye mashine ile ile ikiwezekana, na uende na CD ya kwanza ili picha zilinganishwe baka kwa baka. Dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24 bila homa, iandike siku hiyo hiyo na umpigie daktari bila kungoja tarehe ya kliniki. Mwombe akuandikie karatasi yenye jina la hali inayoshukiwa, vipimo vilivyofanyika na namba ya kliniki. Ukizidiwa usiku Bondo, Kericho au Naivasha, zamu ya usiku itaanzia hapo badala ya kuanzia kwenye Widal.